Eti figo zinauzwa Dubai?

Wapendwa wa Tanga, Dar, Unguja na popote mlipo,

Joto la Deira limeshaanza kuuma, asubuhi tu ukitoka nje miwani inafunga ukungu, lakini ndiyo maisha tuliyoyachagua.

Leo sina picha za majengo. Wiki hii nimepokea jumbe za sauti kumi na moja (nimehesabu!) kuhusu mjomba. Wote mnajua kwamba figo zake zimefeli, kwamba ameiacha nyumba yake Tanga na sasa yuko kwa mwanawe Mbagala ili awe karibu na mashine, na kwamba madaktari wamesema anafaa kupandikizwa figo akipata wa kumpa. Katika jumbe hizo kumi na moja, tisa zina swali lile lile. Mama mkubwa kauliza kwa upole, vijana wameuliza na bei kabisa: eti huko Dubai si figo zinauzwa? Wewe si nesi wa figo, huwezi kututafutia?

Nimeona nijibu hapa mara moja tusome wote. Wala sitajibu kwa mkato, maana neno hilo halikudondoka kutoka mawinguni. Lina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita huku huku Ghuba. Tangu nianze kazi ya kusafisha damu nimekuwa nikisoma habari hizi kila nikipata nafasi, kwenye treni ya Salah Al Din na kitandani nikikosa usingizi, kwa hiyo kaeni vizuri, leo ni ndefu.

Tuanze na mashine, maana nasikia mjomba anaichukia. Ilitengenezwa na daktari kijana wa Uholanzi, Willem Kolff, kwenye mji mdogo wa Kampen, wakati nchi yake imekaliwa na Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili. Madukani hakuna kitu. Akachukua utando wa selofeni ule wa kuvalishia soseji, akauzungushia kwenye pipa la vipande vya mbao, akalilaza pipa ndani ya beseni kubwa lenye maji ya chumvi. Pipa linazunguka, damu ya mgonjwa inapita ndani ya utando, taka zinachuja kwenda majini, damu inarudi mwilini. Mgonjwa wa kwanza aliunganishwa mwaka 1943. Karibu wote wa mwanzo walikufa. Fikiria wewe ndiye nesi wa wodi ile, kila wiki unafunga mipira kwa mtu na unajua. Mpaka Septemba 1945 alipoamka mama mmoja wa miaka 67 aliyekuwa hajitambui. Inasimuliwa kwamba maneno yake ya kwanza yalikuwa kwamba atamwacha mumewe, na akamwacha kweli, akaishi miaka mingine kadhaa.

Ila mashine ya Kolff ilimfaa mtu ambaye figo zake zimelala kwa muda tu. Kila kipindi ilibidi kutoboa mshipa mwingine, na mishipa ina mwisho. Mtu kama mjomba, ambaye figo hazirudi tena, alikuwa hana lake. Mwaka 1960 kule Seattle, Marekani, Dk. Belding Scribner akafikiria kuacha mpira mdogo wa teflon mkononi moja kwa moja, upande mmoja kwenye mshipa unaopeleka damu na mwingine kwenye mshipa unaorudisha, ili mgonjwa aunganishwe leo, keshokutwa na mwaka kesho bila kutoboa upya. Mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, aliishi miaka 11 zaidi. Ile fistula iliyo mkononi mwa mjomba, ile anayoificha kwa shati la mikono mirefu, ni mtoto wa wazo hilo.

Kisha likaja jambo ambalo hata leo linanikosesha raha. Seattle walikuwa na vitanda vichache na wagonjwa wengi. Wakaunda kamati ya watu saba wa pale mjini, wakiwemo mchungaji, mwanasheria, mwenye benki, mama wa nyumbani na kiongozi wa wafanyakazi, ili wachague nani aunganishwe na nani asiunganishwe. Asiyechaguliwa anakufa. Majina walifichwa, lakini waliambiwa umri, kazi, watoto wangapi, kipato, hata kama mtu anakwenda kanisani. Jarida la Life likaandika habari hiyo mwaka 1962 na Wamarekani wakashtuka. Ilichukua mpaka 1972 bunge lao kupitisha sheria kwamba serikali italipia karibu kila mgonjwa wa figo. Sisi nyumbani kamati hiyo hatukuwa nayo, mfuko wa mtu ndio uliokuwa kamati.

Mjomba analalamika amekuwa mtumwa wa mashine. Ana haki. Masaa manne mara tatu kwa wiki ni masaa 12, na wiki nzima ina masaa 168. Figo nzima inafanya kazi masaa yote 168, haina Ijumaa wala Jumapili. Mashine inamweka mtu hai, haimrudishii figo. Ndiyo maana madaktari wakaendelea kutafuta namna ya kumpa mgonjwa figo ya mtu mwingine.

Wa kwanza kujaribu kwa binadamu, figo ya mtu kwa mtu, alikuwa Yurii Voronoy, kule Ukraine, mwaka 1933. Alitumia figo ya maiti na mgonjwa akafa baada ya siku mbili. Wakajaribu na wengine. Kila figo ikiwekwa, mwili unaigomea, inavimba, inakufa. Mpaka tarehe 23 Desemba 1954, Boston.

Hii naipenda, na wenzangu wa Kifilipino kazini wanaipenda kuliko hata mimi. Kijana wa miaka 23, Richard Herrick, figo zimekwisha. Ana pacha wake, Ronald. Madaktari wakasema kama ni pacha wa kufanana kabisa, huenda mwili usijue kwamba figo ni ya mgeni. Wakawapima kila namna, wakabandika ngozi ya mmoja kwa mwingine waone kama itashika, wakawapeleka hadi polisi kulinganisha alama za vidole. Dk. Joseph Murray akafanya upasuaji na figo ya Ronald ikaanza kutoa mkojo palepale mezani. Richard akapona. Na akamwoa nesi aliyemhudumia! (Wenzangu hapo hupiga vigelegele.) Akapata watoto, akaishi miaka minane. Murray alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Lakini nataka mumtazame Ronald, yule aliyetoa. Alikuwa kijana mzima asiyeumwa chochote, na wakati huo hakuna aliyejua mtu wa figo moja ataishije. Akawa mwalimu. Alifariki Desemba 2010 akiwa na miaka 79. Miaka 56 na figo moja. Mtu akiwaambia kijana wetu akitoa figo atakuwa nusu mtu, mtajeni Ronald.

Sasa tufike kwenye kiini cha swali lenu. Pacha wa kufanana ni wangapi duniani? Wengine wote mwili uliendelea kukataa. Aliyeeleza kwa nini alikuwa Peter Medawar, Mwingereza ambaye baba yake alikuwa Mlebanoni. Nikimtaja huwa nawafikiria wauza shawarma wa mtaani kwangu, maana barabara ya Al Muraqqabat imejaa mikahawa ya Walebanoni, Wasiria na Wairaki, ukipita usiku harufu ya nyama na mkate inakufuata mpaka mlangoni. Medawar alianza na marubani walioungua vitani na ngozi za kuazima zilizokataa kushika. Akaonyesha kwamba ni kinga ya mwili ile ile inayopigana na vijidudu ndiyo inayopigana na kiungo cha mgeni. Basi wengine wakatafuta dawa za kuipunguza makali kinga hiyo. Ya nguvu kuliko zote za mwanzo ilitoka kwenye ukungu wa udongo wa Norwe. Mfanyakazi wa kampuni ya dawa ya Uswisi alikwenda mapumziko akarudi na udongo kwenye mfuko, ndivyo ilivyoanza. Dawa yenyewe ni saiklosporini, na Marekani iliidhinishwa mwaka 1983.

Shikeni hapo. Kabla ya saiklosporini, figo iliyokuwa na nafasi nzuri ya kudumu ni ya ndugu. Ukitaka figo, urudi kwenu, ukae kwenye mkeka, uombe. Baada ya saiklosporini, figo ya mtu baki nayo ikaanza kudumu. Dawa hiyo imeokoa maelfu kwa maelfu na mimi naisifu. Lakini siku ile mlango ulipofunguliwa kwa asiye ndugu, dalali naye akaingia.

Ghuba ya miaka ya 1980 ilikuwa na pesa za mafuta, ilikuwa na hospitali mpya, ilikuwa na mashine za kusafisha damu, na ilikuwa na kisukari na presha kama mvua. Haikuwa na figo. Falme za Kiarabu hazikuwa na sheria ya kupandikiza viungo mpaka 1993. Oman ilianza upandikizaji mwaka 1988, kwenye Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos. Na ndugu waliogopa, kama mnavyoogopa ninyi.

Ila Bombay ilikuwa ng'ambo tu ya bahari. Bombay haikuwa ugenini kwa watu wa huku. Kabla ya mafuta, lulu za Ghuba ziliuzwa Bombay, na rupia ndiyo iliyokuwa fedha ya Dubai hadi miaka ya 1960, kama ilivyokuwa Unguja hadi 1936. Vitambaa Bombay, harusi Bombay, daktari Bombay. Ikawa na figo Bombay. India wakati huo haikuwa na sheria ya kuzuia, na watu maskini walikuwa wengi. Mgonjwa anapanda ndege na ndugu zake, anamkuta dalali, analipa, anapandikizwa, anarudi.

Nina mgonjwa mmoja, mama wa Kiomani aliyezaliwa Ng'ambo, Unguja, akaondoka msichana mdogo baada ya Mapinduzi ya 1964. Jina siwapi, kazi yangu hairuhusu. Kiswahili chake kinanipa raha, kile cha zamani, akinikuta zamuni ananiita mwanangu. Yeye ndiye aliyenisimulia kwamba kaka yake alikwenda Bombay miaka ile. Alirudi mkojo unatoka vizuri, wakachinja, wakala. Halafu macho yakaanza kuwa ya njano. Mwaka haukuisha. Mama huyu mpaka leo hataki kusikia habari ya kununua, anasafishwa damu yake na tasbihi mkononi.

Ningedhani ni bahati mbaya ya mtu mmoja, kama nisingesoma. Madaktari wa vitengo vya figo vya Falme za Kiarabu na Oman waliwafuatilia wagonjwa wao 130 waliokwenda kununua figo Bombay, wakayaandika kwenye jarida la Lancet mwaka 1990. Karibu mmoja kati ya watano hakumaliza mwaka. Wengi waliuawa na maambukizi. Wengine walirudi na virusi vya ukimwi kutoka kwenye damu au figo ambazo hakuna aliyezipima sawasawa. Hao hawakuwa watu wasio na uwezo, jamani. Walikuwa na pesa, na madaktari wazuri waliwasubiri uwanja wa ndege wakirudi. Kilichowaua ni kwamba dalali hana sababu ya kupima. Ndugu yako akikupa figo atasema ukweli kama aliwahi kuugua homa ya ini. Muuzaji mwenye deni atasema hajawahi kuumwa hata mafua.

Na huyo muuzaji je? Naye ana historia, ingawa yeye hachinjiwi mbuzi akirudi kwao. Mwaka 2001 watafiti walikwenda Chennai, kusini mwa India, wakahoji watu 305 waliouza figo zao. Matokeo yakatoka mwaka 2002. Watu 96 kati ya kila 100 waliuza ili kulipa madeni. Kwa wastani walipata dola 1,070. Kipato cha familia zao baadaye kilishuka kwa theluthi moja, kwa sababu mtu aliyepasuliwa bila kutunzwa habebi tena matofali. Robo tatu walikuwa bado wana madeni. Wengi wao walikuwa wanawake. Walipoulizwa kama wangemshauri mwingine mwenye shida auze, 79 kati ya 100 walisema hapana.

India ilipitisha sheria ya kukataza biashara hiyo mwaka 1994. Mnadhani iliisha? Ilijificha, na nyingine ikahama. Wateja wa Ghuba na wa kwingine wakaelekea Pakistan, mpaka nayo ilipokataza mwaka 2007. Huko Pakistan kulikuwa na daktari mmoja, Adib Rizvi wa Karachi, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akisafisha damu na kupandikiza watu bure kwenye taasisi yake, na ndiye aliyepiga kelele sana kuhusu soko lile. Madereva teksi wa Kipakistani hapa Deira ukiwatajia jina lake wanapunguza mwendo. Mwaka 2008 madaktari wa nchi nyingi wakakutana Istanbul wakatoa azimio la kulaani biashara ya viungo.

Nanyi msifikiri ni mambo ya Wahindi. Aprili 2025 vyombo vya habari vya Ujerumani vilitoa uchunguzi kuhusu vijana wa Kenya wanaodaiwa kuuza figo, wanaopokea wakiwa wageni kutoka Ulaya na Israel. Serikali ya Kenya ikasimamisha upandikizaji kwenye hospitali moja binafsi ya Eldoret na kuunda kamati ya kuchunguza, hospitali yenyewe ikakanusha. Eldoret! Siyo Bombay. Basi lile swali lenu la bei lina upande wa pili: siku moja kijana wetu wa Tanga ndiye atakayepigiwa simu na dalali, aambiwe tiketi ya Dubai na kazi nzuri, ila kuna kipimo kidogo...

Sasa huku kwenyewe sheria inasemaje? Kuuza na kununua ni kosa la jinai, tangu sheria ya 1993 na ile iliyoibadili mwaka 2016. Mnunuzi, muuzaji na dalali wote wana kesi. Mtu hai anaruhusiwa kumpa ndugu yake wa karibu. Dubai yenyewe ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo mwaka 2016, Abu Dhabi ilitangulia. Mwaka 2017 yakafuata maelezo rasmi ya nini maana ya kufa kwa ubongo, yaani mtu ambaye moyo unapiga kwa msaada wa mashine tu lakini ubongo umekufa wala haurudi. Bila maelezo hayo daktari hawezi kugusa kiungo cha marehemu. Toka hapo wafu nao wakaanza kutoa, familia zikikubali. Upo mpango wa taifa unaitwa Hayat, maana yake uhai, na hata sisi wageni wenye kitambulisho cha hapa tunaweza kujiandikisha. Nimejiandikisha. Mama usishtuke, siumwi.

Najua wengine mtauliza dini. Hili wanazuoni walilikalisha zamani kuliko mnavyodhani. Baraza la wanazuoni wakuu wa Saudia liliruhusu kutoa viungo mwaka 1982. Chuo cha Fiqhi cha nchi za Kiislamu kilikaa Amman mwaka 1986 kikakubali kifo cha ubongo, kikakaa Jeddah mwaka 1988 kikaruhusu kupandikiza, kwa sharti kwamba kiungo kisiuzwe. Yule mama wa Ng'ambo ndiye aliyeniambia nitafute ya Jeddah, nikaisoma, ni kweli.

Kuna mambo mawili madogo niyaseme kabla sijasahau. La kwanza, tunawapata wagonjwa vijana kabisa, wafanyakazi wa juani, wasio na kisukari wala nini. Sheria ya hapa inasimamisha kazi za nje mchana kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15, lakini asubuhi yenyewe ni tanuri, na mtu anakunywa maji kidogo ili asiombe ruhusa ya kwenda kujisaidia. La pili, zile diklofenaki mnazonunua duka la dawa kama pipi, kila mgongo ukiuma, ziacheni. Zinaumiza figo, hasa kwa mwenye presha. Shangazi nakusema wewe.

Haya, turudi nyumbani. Nilipokuwa nasoma shahada yangu ya uuguzi Muhimbili, mgonjwa wa kupandikizwa figo alipelekwa India, na foleni ya kupelekwa ilikuwa ndefu. Novemba 2017 Muhimbili ikapandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, madaktari wetu pamoja na wenzao wa hospitali ya BLK ya New Delhi. Nilikuwa nimeshafika huku. Picha ilipozagaa kwenye simu zetu nililia kwenye basi, watu wakadhani nimefiwa. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo ikaanza, ikishirikiana na Wajapani wa Tokushukai. Kenya ilishatangulia zamani, Uganda imefuata Mulago mwaka 2023 baada ya kutunga sheria. Na kwetu anayetoa ni ndugu. Yaani tumerudi pale pale kwa Ronald na Richard, ila kwa dawa za kisasa si lazima muwe mapacha. Ndugu wa tumbo moja anatosha, mtoto anatosha.

Kwa hiyo mjomba. Ana watoto watatu na ndugu wawili walio hai. Nimeambiwa yule wa pili, kijana wa Mbagala, alikwishajitolea kimya kimya na mama yake akamkataza, akisema hajaoa na atakosa nguvu. Shangazi, figo haina uhusiano na hilo. Watu wanatoa na wanazaa, wanawake wanatoa na wanabeba mimba baadaye, kwa uangalizi. Hatari ipo, sitawadanganya, ni upasuaji. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2010 ulikuta kwamba katika watoaji elfu kumi, watatu walikufa ndani ya siku tisini za mwanzo. Watatu ni watu, najua. Ndiyo maana mtoaji anapimwa kuliko mgonjwa: presha, sukari, mkojo, moyo, picha ya figo zote mbili. Akionekana ana dalili yoyote wanamkatalia wenyewe. Na anaweza kusema hapana hata akiwa ameshavaa gauni la chumba cha upasuaji. Hilo alijue, na lisemwe mbele ya wazee, asije akatoa kwa sababu ya aibu. Kijana anayetolewa figo kwa kubanwa na ukoo simwoni tofauti sana na yule wa Chennai.

Kama hatafaa au hatataka, wapo wengine wa kupimwa, na mimi nimo. Kundi langu la damu ni O, naweza kumpa mjomba akiwa na kundi lolote, mengine wataona kwenye vipimo. Nimeshaongea na msimamizi wangu kuhusu likizo. Mume wangu tumezungumza naye, amenyamaza siku mbili kisha akauliza nitakaa hospitali siku ngapi.

Pesa mlizochanga kwa ajili ya kununua msizirudishe mifukoni. Kuna vipimo vya mtoaji, kuna nauli, kuna mtu wa kukaa na mgonjwa, na kuna dawa za kushusha kinga ambazo mjomba atameza kila siku maisha yake yote, asiruke hata moja. Hizo ndizo zinazowashinda wengi, figo ipo nzuri, dawa zimekosekana mwezi mmoja tu. Mweka hazina abaki kuwa mama mkubwa.

Jumanne sina zamu. Nitapiga simu saa mbili usiku ya huko, nataka mjomba awepo, kijana awepo, na shangazi awe karibu na simu siyo jikoni. Majibu ya vipimo vya mwezi uliopita nipigieni picha mnitumie kabla, karatasi iwe imenyooshwa, ile ya kwanza sikuweza kusoma kreatinini hata kwa miwani.